Ubia wa Utitiri na Virusi: Mbona Nyuki Wetu Wanastahimili?

Mapema mwaka 2009 wataalamu walithibitisha kwamba utitiri uitwao varoa umo katika mizinga ya Kenya na Tanzania. Hofu iliyofuata ilikuwa na sababu. Barani Ulaya, na Marekani tangu 1987, kuingia kwa kimelea hiki kulifuatwa na vifo vya makundi mengi ya nyuki, na wafugaji wengi wakaiacha kazi hiyo. Mwaka 2010 timu ya watafiti, akiwemo Elliud Muli wa Kenya, ilikagua mizinga katika maeneo 24, kuanzia pwani hadi nyanda za juu. Varoa ulionekana karibu kila mahali, isipokuwa kaskazini ya mbali. Virusi vya aina tatu navyo vilionekana. Lakini makundi yenye utitiri na virusi hayakuwa madogo kuliko yale yasiyokuwa navyo.

Utitiri ni ule ule, na nyuki ni wa spishi moja, Apis mellifera. Huko Ulaya na Marekani mizinga inabaki mitupu, huku kwetu asali inaendelea kurinwa. Tofauti hiyo inataka maelezo. Hoja yangu ni kwamba kinachoua kundi la nyuki si utitiri peke yake, wala si virusi peke yake. Ni ubia wa viwili hivyo, na ubia huo hushamiri au hufifia kutegemea binadamu anavyowatendea nyuki. Mfugaji wa Tabora, Kitui au Arua ana hazina ambayo wenzake wa nchi tajiri wanaitafuta kwa gharama kubwa. Anaweza pia kuipoteza kwa kuiga bila kupima.

Mgeni aliyetoka Asia

Asili ya varoa ni kwa nyuki wa Asia, Apis cerana. Kule, kimelea na mwenyeji wake walizoeana kwa muda mrefu sana. Utitiri huzaana ndani ya vyumba vya madume tu, ambavyo hujengwa kwa msimu, na nyuki vibarua huwasafisha wenzao kwa kuwang'oa wadudu hao mwilini. Jana dume likielemewa, huachwa lifie ndani ya chumba chake kilichofunikwa, na utitiri ulioingia humo hufia humo humo. Kundi hupata hasara ndogo na kuendelea.

Mizani hiyo ilivunjika pale binadamu alipowapeleka nyuki wa Ulaya katika maeneo ya nyuki wa Asia. Katikati ya karne ya 20 utitiri ulihamia kwa nyuki hao wapya, ambao hawakuwa na mazoea nao. Biashara ya malkia na makundi ya nyuki ikaubeba. Miaka ya 1970 ulikuwa umefika Ulaya na Brazil. Ujerumani uligunduliwa 1977, Uingereza 1992, Afrika Kusini 1997, New Zealand 2000. Kwa miaka mingi wataalamu waliuita Varroa jacobsoni, kwa jina la utitiri uliogunduliwa kisiwani Java. Mwaka 2000 watafiti Denis Anderson na John Trueman walionyesha kwamba unaowaua nyuki wa dunia ni spishi nyingine, wakaipa jina Varroa destructor.

Utitiri jike ana upana wa milimita 1.6 hivi, rangi ya kahawia nyekundu, na mwili bapa unaopenya katikati ya magamba ya tumbo la nyuki. Hukaa juu ya nyuki mlezi, na mlezi anapokwenda kulisha majana, yeye huteremkia ndani ya chumba ambacho kinakaribia kufunikwa kwa nta. Chumba kikishafunikwa, hutoboa ngozi ya jana na kuanza kujilisha. Baada ya siku tatu hivi hutaga yai la kwanza, ambalo huwa dume. Mayai yanayofuata ni ya kike, kila moja likipishana na jingine kwa saa 30 hivi. Ndugu hao hupandana humo humo gizani. Nyuki anapotoka, mama na mabinti waliokomaa hutoka naye, wasiokomaa hufa.

Hesabu hii inaeleza mengi. Chumba cha kibarua wa Ulaya hukaa kimefunikwa siku 12 hivi, cha dume siku 14 au zaidi kidogo. Kila siku inayoongezeka ni nafasi ya binti mmoja zaidi kukomaa, ndiyo maana utitiri huvipenda zaidi vyumba vya madume. Ila kwa Apis mellifera, tofauti na kwa nyuki wa Asia, huzaana pia katika vyumba vya vibarua, na hapo ndipo hasara ilipokuwa kubwa.

Virusi vilitangulia

Mtu angedhani utitiri ulikuja na maradhi yake yote mkobani. Sivyo. Virusi vingi vya nyuki vilikuwemo mizingani muda mrefu kabla ya varoa, vikiishi kimya. Katika kituo cha Rothamsted, Uingereza, Leslie Bailey na wenzake waligundua mwaka 1963 virusi vya kupooza kwa ghafla. Walivipata kwa njia yenye fundisho kubwa: walichukua majimaji ya nyuki waliokuwa wazima machoni, wakawadunga nyuki wengine, na hao waliodungwa wakapooza na kufa. Virusi vilivyokuwa vimelala vikawa sumu kwa sababu tu vilipita njia nyingine.

Nyuki akimeza virusi, vinakutana kwanza na ukuta wa utumbo, na mara nyingi vingi hukomea hapo. Vikidungwa moja kwa moja ndani ya mwili, ukuta huo umerukwa. Utitiri hufanya kwa nyuki kile ambacho sindano ya Bailey ilifanya maabara, tena hukirudia katika kila jana unaloliingilia. Kuna na jeraha la pili. Mwaka 2019 Samuel Ramsey na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba kwa nyuki mkubwa utitiri haunyonyi majimaji ya mwili tu, bali hula tishu ya mafuta. Tishu hiyo kwa nyuki hufanya kazi zinazofanana na za ini: huhifadhi akiba, huondoa sumu na hutengeneza kinga. Kwa hiyo utitiri huingiza adui na wakati huo huo hula ghala la silaha za kumpinga.

Virusi vilivyofaidika zaidi na ubia huu ni virusi vya mabawa yaliyopinda, vilivyotambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika nyuki wa Japani. Jana lililoambukizwa sana hutoka chumbani likiwa nyuki mwenye mabawa yaliyokunjamana, tumbo fupi na maisha ya siku chache tu. Mfugaji humwona akitambaa mbele ya mlango wa mzinga, asiweze kuruka. Lakini nyuki wa namna hiyo ni wachache kati ya walioambukizwa. Walio wengi hutoka na mabawa mazuri, wakaonekana wazima, ila maisha yao yamefupishwa na uwezo wao wa kujifunza njia ya maua umepungua. Hao ndio hasara halisi ya kundi, na jicho la mfugaji haliwaoni.

Kwa nini virusi vya mabawa vikashinda, si virusi vya kupooza ambavyo ni vikali zaidi? Jibu limo katika ukali wenyewe. Virusi vya kupooza vikidungwa ndani ya jana huliua kabla halijatoka chumbani, na utitiri uliovibeba hufa nalo. Mbebaji anakufa pamoja na mzigo. Virusi vya mabawa humwacha nyuki atoke hai, utitiri utoke naye, na maambukizi yaendelee hadi chumba kingine. Mwaka 2001 mtafiti Stephen Martin alikokotoa kwamba kundi linaloingia majira ya baridi la Uingereza linaweza kuangushwa na utitiri 2,000 hadi 3,600 wenye virusi vya mabawa, ilhali virusi vya kupooza vingehitaji utitiri zaidi ya 10,000. Katika ubia huu mpole amedhuru kuliko mkali.

Majira hayo ya baridi ndiyo ufunguo wa vifo vya kaskazini. Nyuki wa Ulaya wanaozaliwa mwishoni mwa kiangazi wanatakiwa kuishi miezi kadhaa bila majana mapya, wakikumbatiana kulinda joto hadi maua yarudi. Wakifupishiwa maisha kwa wiki chache tu, kundi linapungua kabla ya msimu kufika, na mfugaji hukuta asali imejaa na nyuki hawapo.

Ushahidi wa visiwa

Hoja ya ubia ingebaki dhana kama visiwa visingetoa ushahidi. Hadi mwaka 2007 visiwa vya Hawaii havikuwa na varoa. Mwaka huo ulionekana Oahu, na mwaka 2008 ukafika Kisiwa Kikubwa; Kauai na Maui vikabaki salama. Nyuki wa aina moja walikuwa wamegawanyika katika visiwa vyenye utitiri na visiwa visivyo nao. Martin na wenzake walichukua sampuli, na mwaka 2012 wakatoa matokeo katika jarida la Science. Pasipokuwa na varoa, virusi vya mabawa vilikuwa katika makundi kama 10 kwa kila 100, navyo vilikuwa vya namna nyingi. Palipokuwa na varoa, maambukizi yalikaribia makundi yote, wingi wa virusi ndani ya nyuki uliongezeka mara milioni, na namna zile nyingi zikafyekwa hadi ikabaki moja iliyotawala. Utitiri ulikuwa umechagua virusi vinavyoufaa.

Mfano wa pili unaelekea upande mwingine. Kisiwa cha Fernando de Noronha, mbali kidogo na pwani ya Brazil, kililetewa nyuki mwaka 1984, na varoa ukaja nao. Tangu hapo nyuki hao wameishi bila dawa yoyote, utitiri wakiwa nao tele, na hawakuporomoka. Virusi vya mabawa vilipopimwa, vilikuwa vichache sana. Utitiri usiokuwa na virusi vya kutosha ni mzigo, lakini mzigo unaobebeka.

Australia inatupa onyo. Ilikaa muda mrefu bila varoa, na uchunguzi uliofanywa kabla ya kimelea hicho kuingia haukukuta virusi vya mabawa. Juni 2022 utitiri uligunduliwa karibu na bandari ya Newcastle, na Septemba 2023 serikali ilikubali kwamba hauwezi tena kutokomezwa. Nusu moja ya ubia imeshaingia. Shehena moja tu ya nyuki walioambukizwa, ikipita bandarini, ingeleta nusu ya pili.

Virusi havijasimama

Ubia huu unaendelea kubadilika. Mwaka 2004 Juliette Ongus, mwanasayansi wa Kenya aliyekuwa akifanya utafiti Uholanzi, pamoja na wenzake, walieleza jeni zote za virusi vilivyotolewa ndani ya utitiri wenyewe, na wakaonyesha kwamba vinazaana humo. Leo virusi hivyo vinajulikana kama aina B ya virusi vya mabawa. Aina A ilikuwa imetawala dunia kwanza. Katika miaka ya karibuni aina B imeenea kwa kasi na kuchukua nafasi yake katika nchi nyingi. Tofauti ni ya maana. Virusi vinavyosafirishwa tu hupungua utitiri unapokaa bila kula panapo maambukizi. Virusi vinavyozaana ndani ya mbebaji huongezeka safarini.

Wafugaji wakubwa wa Ulaya na Marekani walijibu kwa dawa za kuua utitiri: fluvalineti, kumafosi, kisha amitrazi. Mwanzoni zilifanya kazi vizuri, kisha kila moja ikaanza kushindwa, kwa sababu utitiri uliopona ndio uliozaa kizazi kilichofuata. Katika majira ya baridi ya 2024 hadi 2025 wafugaji wa kibiashara wa Marekani walipoteza zaidi ya nusu ya makundi yao. Wizara ya kilimo ya nchi hiyo ilipochunguza, ilikuta viwango vikubwa vya virusi vya mabawa vya aina zote mbili na virusi vya kupooza, na karibu utitiri wote uliopimwa ulikuwa na alama ya usugu dhidi ya amitrazi.

Dawa ina mahali pake, na mfugaji ambaye kundi lake linakufa leo hawezi kuambiwa angoje mageuzi ya vizazi. Hata hivyo, matibabu ya kila mwaka yana gharama ambayo haionekani dukani. Kundi dhaifu huokolewa pamoja na lenye nguvu, malkia wa makundi yote mawili huendelea kutoa mbegu, na nyuki hawapati kamwe nafasi ya kujifunza kuishi na kimelea. Utitiri peke yake ndio unaochujwa, na unachujwa kuelekea usugu.

Nyuki waliojichuja wenyewe

Hapo ndipo nyuki wetu wanapoingia katika hesabu. Mfugaji wa jadi wa miombo ya Tabora au Katavi hanunui malkia. Hutundika mzinga wa gogo au wa gome mtini, akangoja bumba la mwitu liingie. Likikaa, anarina, likihama, anangoja jingine. Kwa mtazamo wa kiwanda huu ni ufugaji duni. Kwa mtazamo wa afya ya nyuki, ni ufugaji ulioacha mchujo wa asili ufanye kazi yake. Kundi lisiloweza kuhimili utitiri lilikufa bila kuokolewa, na lililoweza likatoa mabumba mapya. Afrika Kusini ilionyesha kasi ya jambo hili: baada ya 1997 mtafiti Mike Allsopp alifuatilia nyuki wa huko, na katika miaka michache tu, chini ya kumi, walikuwa wameshastahimili bila dawa.

Njia wanazotumia zinajulikana kwa sehemu. Nyuki wa Afrika Mashariki ni wepesi wa kugundua jana lenye kasoro, kulifumua na kulitupa nje, na kwa kufanya hivyo hukatiza uzazi wa utitiri. Mwaka 2017 Beatrice Nganso na wenzake walilinganisha nyuki wa Kenya na nyuki wenye asili ya Ulaya walioko Marekani, wakakuta wa Kenya wana utitiri mchache zaidi, ingawa kwa usafi wa majana na kwa kung'oa utitiri mwilini walikaribia kulingana; kwa hiyo tabia hizo pekee hazielezi yote. Tena nyuki wetu hugawanyika na kuhama mara kwa mara, na bumba linapohama huacha nyuma masega, majana na utitiri ulio ndani ya vyumba. Pia hakuna baridi ya miezi mingi inayodai nyuki wazee wenye maisha marefu. Kibarua aliyefupishiwa siku zake hupata mrithi upesi.

Ule ukaguzi wa 2010 una jambo jingine lisilofaa kupuuzwa. Utitiri uliongezeka kadiri mwinuko wa ardhi ulivyopanda, na palipokuwa na utitiri mwingi palikuwa pia na aina zaidi za virusi. Uhimilivu una masharti yake, na masharti hayo yanaweza kubadilika. Misitu ikifyekwa, mabumba ya mwitu yanapungua na hazina ya mbegu inasinyaa. Sumu za mashambani zikiongezeka, tishu ile ile ya mafuta ambayo utitiri unaila italazimika pia kupambana na sumu. Na nyuki wageni wakiingizwa, wataleta virusi vyao.

Hatari ya mwisho ndiyo inayoniogopesha kuliko zote, kwa sababu huja na nia njema. Kila mara pana anayependekeza tuagize malkia wapole, wenye asali nyingi, wasiohama. Sifa hizo tatu ndizo zinazowafanya nyuki wamtegemee mfugaji na dawa yake. Nyuki wasiohama hubaki na utitiri wao. Wala madhara hayahitaji kutoka ng'ambo. Mwaka 1990 wafugaji wa Afrika Kusini walihamisha nyuki wa Rasi kwenda kaskazini mwa nchi yao wenyewe, na vibarua wa nyuki hao wakavamia na kuangamiza maelfu ya makundi ya wenyeji. Ilikuwa kuhama kwa nyuki ndani ya mipaka ya taifa moja tu.

Kazi iliyo mbele

Kinachohitajika kwanza ni kuhesabu. Mfugaji anaweza kuchukua nyuki wapatao 300, kiasi cha nusu kikombe, akawaweka ndani ya chupa yenye kifuniko cha wavu pamoja na sukari ya unga, akatikisa na kuhesabu utitiri ulioanguka. Nyuki hurudishwa wakiwa hai. Namba hizo, zikiandikwa msimu baada ya msimu katika vikundi vya wafugaji, zitaonyesha mabadiliko mapema kuliko mzinga mtupu utakavyoonyesha. Maafisa nyuki wa wilaya wana uwezo wa kuzikusanya kama watapewa usafiri na maagizo ya wazi.

Virusi vyenyewe vinataka maabara, kwa kuwa chembe zake za urithi, yaani RNA, huharibika haraka na sampuli lazima zihifadhiwe kwenye ubaridi. Tangu 2014 kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe jijini Nairobi kina maabara ya rejea ya Afrika kuhusu afya ya nyuki. Jambo linaloniuma ni umbali uliopo kati ya maabara ya namna hiyo na mzinga wa Sikonge au Mwingi. Ramani ya virusi vya mabawa aina A na B, kutoka Lamu hadi Kigoma, ingetuambia kama ubia unazidi kukaza au unalegea, na ingetusaidia kujua mahali pa kulinda kwanza.

Sheria nazo zinapaswa kusomwa kwa jicho hili. Zuio la kuingiza nyuki hai, malkia na vifaa vilivyotumika ni kinga ya afya, na afisa wa mpakani anayelisimamia analinda kazi ya mfugaji aliye mbali naye. Msitu wa miombo unaoachwa na mabumba yake una thamani ya uzazi ambayo haionekani katika bei ya mkaa. Na kabla dawa za kuua utitiri hazijaanza kuuzwa kiholela katika maduka ya pembejeo, wataalamu waulizwe: kundi gani linahitaji, kwa kipimo kipi, na kwa ushahidi upi?

Wapo watakaosema nyuki wa mwitu wakali, wenye kuhama ovyo, hawawezi kulisha soko la asali la kisasa. Nakubali kwamba mfugaji anahitaji kipato, na kwamba mizinga bora, urinaji safi na ufungashaji mzuri vinaongeza kipato hicho. Hayo yote yanawezekana bila kubadilisha nyuki wenyewe. Tuboreshe mzinga na soko, na nyuki tuwaachie uhuru wa kugawanyika, kuhama na kuchujwa. Nchi zilizowanyima uhuru huo sasa zinaulipia kila mwaka kwa dawa zinazoishiwa nguvu, na sisi hatuna sababu ya kununua tatizo ambalo nyuki wetu wamekwisha kujifunza kuishi nalo.